Simu Ina Namba Tatu: Je, Kikundi Chenu Kimeandika Ngapi?



Siku hizi karibu kila kikundi cha kina mama, cha vijana au cha wakulima wa majani chai hapa Kericho na Bomet kina simu ya kikundi, au kinatumia simu ya mweka hazina kana kwamba ni ya kikundi. Michango inaingia kwa M-Pesa, mikopo inatoka kwa M-Pesa, na habari za mikutano zinapita hapo hapo. Sasa simu hiyo iibiwe siku ya soko. Mweka hazina anakimbia kituo cha polisi, askari anafungua kitabu cha OB na kuuliza:

"Mama, namba ya simu ni gani?"

Mama anataja ile ya 07.

"Hiyo ni ya laini. Ya simu yenyewe je?"

Hapo wengi wetu hunyamaza. Tunajua namba moja tu, ile ya kupigiwa, na tunadhani ndiyo simu. Lakini simu moja mkononi mwako ina namba tatu tofauti, kila moja ni ya kitu chake, na kila moja inajulikana na mtu tofauti. Katika toleo hili tunataka kuzieleza moja moja, kwa sababu kikundi kikizichanganya kinaweza kupoteza pesa.

KWA NINI NAMBA, SI JINA?

Hili mkulima wa chai analijua tayari. Katika senta moja ya majani utapata akina Chebet wanne na akina Kiprono sita, maana majina yetu ya Kikalenjin hufuata saa na namna mtoto alivyozaliwa, na watoto wengi huzaliwa saa zile zile. Karani akiandika "Chebet, kilo 18", pesa zitakwenda kwa Chebet yupi? Ndiyo maana kila mkulima wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Tirgaga ana namba yake. Karani haulizi jina, anaingiza namba kwenye mizani ya elektroniki, na kilo zinajua njia ya kwenda nyumbani.

Mtandao wa simu ni senta kubwa kama hiyo. Hewa ni moja, na simu zote za kijiji zinaitumia pamoja. Ujumbe wako na wa jirani yako unapita katika mnara ule ule, ule tunaoita busta, pengine kwa dakika ile ile. Usipochanganyika, ni kwa sababu kila ujumbe umebeba namba ya mwenyewe.

NAMBA YA KWANZA: YA KUPIGIWA

Hii ndiyo unayoipa watu. Tunaiandika kwa 07 au kwa 01, lakini ukamilifu wake ni kuanza na 254, ambayo ni namba ya nchi ya Kenya, halafu tarakimu tisa. Ndugu aliye Marekani akitaka kukupigia huacha ile sifuri ya mbele na kuanza na +254.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba namba hii haimo ndani ya simu. Haimo hata ndani ya kadi, kama tutakavyoona. Imo katika daftari la kampuni ya simu. Kampuni imeandika: namba hii ni ya kadi ile. Wakitaka kuihamisha kwenye kadi nyingine, wanafuta mstari mmoja katika daftari na kuandika mwingine. Tangu mwaka 2011 unaweza hata kuhama na namba yako kutoka kampuni moja mpaka nyingine, kwa hiyo ukiona mtu ana 0722 usiapize kwamba yuko Safaricom.

Na pesa za M-Pesa nazo ziko huko huko kwenye daftari, chini ya namba hiyo, tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007. Simu ikitumbukia mtoni, pesa hazijalowa. Mtu akiiba simu hajaiba pesa, isipokuwa awe na namba ya siri, ama apate njia ya kuwadanganya wenye daftari. Tutarudi kwa huyo.

NAMBA YA PILI: YA LAINI

Toa ile kadi ndogo utazame mgongo wake. Utaona namba ndefu imechapishwa, inayoanza na 89254. Hiyo ni namba ya kadi kama bidhaa. Ndani ya kadi kumefichwa namba nyingine, ya tarakimu 15, ambayo mtandao unaitumia kumjua mteja. Za Kenya huanza na 639, na za Safaricom hufuatiwa na 02. Hatuitaji popote, wala hatuna haja ya kuijua. Simu na mtandao wanaijua, yatosha.

Pamoja na namba hiyo, kadi imebeba siri. Siri ile ile iko kwa kampuni, na haipiti hewani hata siku moja. Unapowasha simu asubuhi, kadi inajitaja. Mtandao haukubali tu kwa kusikia namba, kwa sababu namba yeyote anaweza kuitaja. Unaitumia kadi fumbo. Kadi inachukua fumbo na ile siri, inazipiga hesabu, inarudisha jibu. Mtandao nao umepiga hesabu ile ile upande wake. Majibu yakifanana, mlango unafunguliwa. Kesho fumbo litakuwa lingine, kwa hiyo mtu aliyesikia jibu la leo hawezi kulitumia.

Baada ya hapo mtandao unaipa simu yako jina la muda, ili namba ya kweli isitajwe tajwe hewani kila mara. Na unaandika uko upande gani, kwa mfano upande wa Sotik au wa Londiani. Mtu akikupigia, mtandao unatazama daftari, unaona ulisikika mara ya mwisho upande wa Sotik, na minara ya upande huo inatangaza lile jina lako la muda. Ni kama matangazo ya Jumapili baada ya ibada: wote kanisani wanasikia, lakini anayeitwa ndiye anayesimama. Simu za majirani zinasikia tangazo na kukaa kimya. Yako inaitika, ndipo inalia. Haya yote hupita kwa muda mfupi sana, wewe hata hujamaliza kufunga kikapu cha majani.

Kwa hiyo ukipotelewa na simu, nenda ukapewe kadi mpya yenye namba ile ile ya kupigiwa. Kadi mpya ina namba yake na siri yake, na ile ya zamani inakufa papo hapo hata ikiwa mkononi mwa mwizi. Pesa zako utazikuta.

NAMBA YA TATU: YA MWILI WA SIMU

Hii ndiyo askari aliuliza. Inaitwa IMEI, nayo ina tarakimu 15. Hupewa simu ikiwa kiwandani, hata kabla haijawahi kuwekewa laini. Tarakimu nane za kwanza zinasema ni simu ya aina gani na ya kampuni gani. Sita zinazofuata ni za simu hiyo peke yake. Ya mwisho ni ya kukagua.

Kuiona ni rahisi, na haitoi hata shilingi. Bonyeza *#06# na namba itajitokeza, iwe ni simu kubwa ya kisasa au kabambe. Simu ya laini mbili itakuonyesha namba mbili, maana kila mahali pa laini pana yake. Pia imeandikwa kwenye kisanduku cha simu ilichonunuliwa nacho, na kwa simu nyingi za betri ya kutoa, iko chini ya betri.

Hiyo tarakimu ya mwisho inapendeza, hasa kwa vijana wa Form Four katika kikundi. Imetengenezwa kwa hesabu kutoka zile 14 za mbele, ili mtu akikosea kunakili ijulikane. Tuchukue mfano unaotumika kufundishia: 490154203237518. Acha ile 8 ya mwisho kando. Katika zile 14, kila ya pili izidishe kwa mbili: 9 inakuwa 18, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14, na 1 inakuwa 2. Ikipita tisa, jumlisha tarakimu zake: 18 ni 1 na 8, yaani 9, 14 ni 1 na 4, yaani 5. Jumla ya hizo ni 30. Jumlisha na zile ambazo hukuzigusa, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ambazo ni 22. Unapata 52. Kufika 60 kumebaki ngapi? Nane. Ndiyo ile ya mwisho.

Mwandishi wa kikundi akishaandika IMEI kitabuni, afanye hesabu hiyo. Isipolingana, kuna mahali amekosea kuandika. Lakini msifikiri kwamba ikilingana basi simu ni halali. Mwenye kughushi naye anajua kujumlisha.

Na waghushi walikuwako wengi. Kabla ya mwaka 2012 nchi yetu ilijaa simu bandia, nyingine hazina IMEI kabisa, nyingine maelfu kwa maelfu zikiwa na moja ile ile. Ni kama wakulima mia wauze majani kwa namba moja. Hapo huwezi kusema hii ni ya nani, wala kuifunga ya mwizi bila kufunga za watu wasio na hatia. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamuru simu hizo zizimwe, na zaidi ya milioni moja zilinyamaza. Wengi walioumia walikuwa watu wa mashambani waliouziwa kwa bei ya chini bila kuelezwa. Tume ilikuwa na sababu, lakini tunaona kwamba mnunuzi ndiye aliyebebeshwa hasara, na si aliyeziingiza nchini.

Namba inayotambulisha simu inaweza pia kumfuata mwenye simu. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano na KRA walitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 IMEI za simu zinazoingizwa au kuunganishwa hapa nchini zipelekwe kwa KRA, ili kodi isikwepwe. Shirika la Katiba Institute likaenda mahakamani, likisema serikali ikishika daftari la namba hizo inaweza kuwachunguza wananchi. Mwezi wa Julai 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba maagizo hayo yanakiuka Katiba. Basi mkisikia mtu anawadai IMEI "kwa ajili ya serikali", muulizeni ni kwa sheria gani.

Kubadilisha IMEI ya simu ni kosa la jinai kwa sheria za Kenya. Hata hivyo wako mafundi wanaofanya. Ukinunua simu ya mkono wa pili pale Kapsoit au Silibwet, bonyeza *#06# kabla ya kutoa pesa, ulinganishe na kisanduku na chini ya betri. Zikitofautiana, rudisha kwa heshima: "Kijana wangu, hii nakuachia." Usibishane.

SIMU IKIIBIWA, KILA NAMBA NA KAZI YAKE

Kwanza shughulikia laini, maana ndiyo njia ya pesa. Kwa simu ya jirani, pigia huduma ya wateja ya kampuni yako, namba ya kupigiwa ifungwe. Usingoje kesho. Pili, nenda polisi na IMEI, upate namba ya OB. Polisi wakifuata sheria wanaweza kuomba kampuni ieleze ni laini gani sasa inatumika ndani ya mwili wa simu ile, kwa sababu mwizi akiweka laini yake, simu inajitaja kwa IMEI ile ile. Bila IMEI hawana pa kuanzia. Tatu, nenda na kitambulisho dukani kwa kampuni upate kadi mpya.

Hapa vikundi vingi hukwama. Kadi mpya hupewa mtu ambaye laini imeandikishwa kwa jina lake. Kama laini ya kikundi iliandikishwa kwa jina la katibu aliyeolewa Nandi, au mzee ambaye tumeshamzika, nani atakwenda na kitambulisho? Piga *106# uone ni namba gani zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Na laini ikikaa miezi mingi bila kutumika, kampuni huichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Huyo mgeni ataanza kupokea ujumbe wa benki yenu na simu za wanachama wenu. Hajaiba chochote. Ninyi ndio mmesahau kubadilisha namba katika benki.

WANAOWADANGANYA WENYE DAFTARI

Tulisema siri ya kadi haipiti hewani na fumbo ni gumu. Basi wezi wa pesa hawahangaiki na fumbo. Wanahangaika na binadamu.

Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, jina lake limechafuka. Kwa miaka kadhaa makachero wa DCI wamekamata watu huko kwa wizi wa simu za namna hii, na magazeti yameandika sana. Inasikitisha, kwa maana wafanyabiashara wa haki katika soko hilo ni wengi kuliko wezi, na kila kijana wa huko sasa anatazamwa vibaya akishika simu. Lakini ujanja wenyewe lazima tuujue.

Simu inalia. "Mama, habari ya asubuhi? Tunapiga kutoka ofisi. Laini yako itafungwa leo, tunataka tu kukusaidia kuhakikisha." Sauti ni ya adabu. Anakuuliza namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, watu uliowatumia pesa karibuni. Halafu yeye au mwenzake anafanya kama wewe, anaomba namba yako ihamishiwe kwenye kadi iliyo mkononi mwake. Mstari katika daftari ukishabadilishwa, simu yako inapoteza mtandao. Wewe unadhani ni mvua, au busta ya Merigi imeharibika. Kumbe ujumbe wa benki sasa unaingia kwa mwizi. Hupiga zaidi wakati wa bonasi, mwezi wa Oktoba, wakijua wakulima wana kitu.

Kama simu yako imekosa mtandao ghafla na ya jirani wa kampuni ile ile inao, usilale. Piga kwa kampuni saa ile ile. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 peke yake. Mwingine yeyote anayesema ni Safaricom ni mwongo. Mwenye laini yao anaweza kubonyeza *100*100#, ili kadi yake isiweze kubadilishwa na wakala wa njiani, mpaka aende mwenyewe kwenye duka la kampuni. Mweka hazina afanye hivyo mbele ya mkutano, na iandikwe.

NA WAIFAI YA SHULE AU PAROKIA?

Tumeulizwa hili na vijana. Kompyuta na simu zinapotumia intaneti kwa waifai hazitambuani kwa IMEI wala kwa 07. Kila kifaa kina namba ya kiwandani ya waifai, yenye herufi na tarakimu 12, na kile kisanduku chenye taa, ruta, kinakipa kifaa anwani ya muda, kwa mfano 192.168.1.5.

Ajabu ni kwamba anwani hiyo hiyo iko pia katika shule ya Kapkoros na katika ofisi huko Mombasa. Haigongani kwa sababu ni ya ndani. Fikirieni kambi za wafanyakazi katika mashamba makubwa ya chai: kila kambi ina nyumba namba 5, na mtu wa kambi hakosei. Barua ya kutoka nje inaandikwa jina la shamba na kambi, na karani ndiye anayeifikisha nyumba namba 5. Ruta ni huyo karani. Kwa nje, shule nzima inaonekana kwa anwani moja. Walifanya hivi kwa sababu anwani za mtindo wa zamani wa intaneti ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi.

Ndiyo sababu mtoto mmoja akifanya upuuzi kwa waifai ya parokia, lawama inafika parokiani kwanza. Mwenye ofisi abadilishe neno la siri la waifai mara kwa mara, na asilibandike ukutani.

UKURASA WA KITABU CHA KIKUNDI

Katika kitabu cha kumbukumbu, si katika simu, tengeni ukurasa mmoja. Andikeni namba ya kupigiwa na jina la aliyeandikishiwa laini. Namba ya mgongoni mwa kadi. IMEI, zote mbili kama ni simu ya laini mbili. Siku na duka mliponunulia, na risiti ibandikwe hapo. Namba ya siri isiandikwe kabisa. Mweka hazina akibadilika, ukurasa usomwe tena mbele ya wote, *#06# ibonyezwe, na namba zilinganishwe tarakimu kwa tarakimu. Kisanduku cha simu kikae kwa mwenyekiti, nyumba tofauti na ile simu inakolala.